UGOMVI UKIINGIA KANISANI, UTATULIWE VIPI?

Leo nimeishika kalamu yangu ili tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini tunaogopa kulitaja, yaani ugomvi kanisani. Sisemi juu ya ugomvi wa kanisa na serikali, wala wa dini moja na nyingine. Nasema ule wa ndani kwa ndani, wa watu wanaoketi benchi moja, wanaoimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo, na ambao wakitoka nje hawasalimiani.

Hapa Wote makanisa si haba. Kuna A.I.C., kuna Katoliki, kuna A.B.C., Anglikana, Jeshi la Wokovu, Wasabato, na mengine madogo madogo yanayokutana katika vyumba vya kukodi juu ya maduka. Mtu akiniuliza mbona ni mengi hivyo, nitamjibu kwamba baadhi yaliletwa na wahubiri kutoka mbali na baadhi yalizaliwa na ugomvi. Watu waligombana, wakatoka, wakajenga ng'ambo ya barabara. Waliotoka walisema wanamfuata Mungu, na waliobaki wakasema vivyo hivyo.

Kuna watu wanaodai kwamba Mkristo wa kweli hagombani. Hayo nayakataa katakata. Mitume wenyewe waligombana na habari zao ziliandikwa wazi wazi ili tuzisome. Waswahili nao walisema vikombe vikiwa pamoja havina budi kugongana. Maoni yangu, ambayo nitayatetea katika makala hii, ni kwamba kunyamaza si heshima. Kanisa lenye heshima ni lile ambalo mwenye lalamiko anajua alipeleke kwa nani, na akilipeleka anasikizwa kwanza kabla ya kutajwa mimbarini. Pale ambapo njia hiyo haipo, watu husema pembeni, na maneno ya pembeni ndiyo yanayovunja kanisa.

Hebu tuanze na Biblia. Katika Mathayo sura ya 18, kuanzia mstari wa 15, Yesu aliwapa wanafunzi wake ngazi yenye vipandio vitatu. Kwanza, ukikosewa na ndugu yako, unamwendea mkiwa wawili tu. Asipokusikia, unarudi na mtu mmoja au wawili. Akikataa hata hapo, ndipo kanisa linaambiwa. Ni mafundisho mafupi sana, na kila mshirika hapa kwetu anaweza kukueleza bila kufungua kitabu. Kufuata ndiko kugumu.

Tazama mambo mawili ambayo watu huyapita haraka. La kwanza ni kwamba anayetembea ni yule aliyekosewa. Hili si jepesi, kwa maana desturi yetu na desturi ya watu wengi ni kumngoja mkosaji aje na mikono nyuma. Lakini katika sura ya 5 ya kitabu hicho hicho, Yesu alifundisha pia kwamba ukiwa unatoa sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo hapo uende mkapatane. Kwa hivyo ukiyaweka mafundisho haya mawili pamoja, aliyekosa ametoka kwake na aliyekosewa ametoka kwake, na wanakutana njiani. Hakuna anayeketi nyumbani akingoja.

La pili ni wale mashahidi wa kipandio cha pili. Wengi hudhani kazi yao ni kumsaidia mlalamishi, na ndiyo sababu mtu huenda na rafiki zake wawili ambao wameshakubaliana naye. Hiyo si kesi tena, ni kuvamia mtu. Sheria hii ya mashahidi wawili au watatu ilitoka katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, na kule ilikuwa ya kumlinda mshtakiwa asihukumiwe kwa neno la mtu mmoja. Shahidi wa haki humsikiliza mlalamishi pia, na akiona ndiye mwenye kosa, humwambia papo hapo.

Sasa nitatoa mfano kutoka kanisa moja ambalo sitalitaja jina. Habari zake nazijua kwa sababu nyanya yangu ni mshirika wa pale na mimi humsindikiza mara kwa mara.

Kanisa hilo lilijenga tangi la mawe la kuvuna maji ya mvua kutoka paa. Wanaume walichanga saruji na mabati. Wanawake, kwa mwethya, walibeba mchanga kutoka mtoni na mawe kutoka kilimani, siku baada ya siku. Ilisemwa wakati huo kwamba ukame ukija, kila mshirika atapata maji. Hakuna aliyeandika ilikuwa mitungi mingapi na kwa bei gani. Kisha ikaja ile miaka ya 2021 na 2022, mvua zikakosa msimu baada ya msimu. Kamati ikatia kufuli kwenye mfereji na kuanza kuuza maji shilingi kumi kwa mtungi wa lita ishirini. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikaa kwa mwenyekiti.

Kina mama walikasirika. "Sisi tulibeba mchanga kwa mgongo, leo tunauziwa maji yetu?" Hayo ndiyo yaliyosemwa sokoni siku ya soko, na kwenye foleni ya posho mili, na kila mahali isipokuwa mbele ya mwenyekiti. Kamati nayo ilikuwa na sababu yake, lazima niseme ukweli. Kuna watu waliokuja usiku na punda wakachota mitungi mingi wakaenda kuuza. Kufuli ilitiwa kwa sababu hiyo. Lakini kamati haikuwaeleza kina mama, na kina mama hawakuiuliza kamati. Kila upande ulikuwa na nusu ya habari.

Mchungaji alipopata maneno hayo, Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya Waisraeli walionung'unika jangwani. Hakutaja mtu. Lakini alikuwa akitazama mabenchi ya kina mama, na kila mtu aliona. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Wanawake kumi na mmoja hawakurudi. Baadhi walianza kwenda kanisa jingine, wengine wakakaa nyumbani tu.

Ukitazama vizuri utaona mchungaji alianzia kipandio cha tatu. Alilipeleka jambo mbele ya kanisa kabla ya mtu yeyote kumwendea mwenzake wakiwa wawili. Tena alilipeleka mahali ambapo hakuna anayeweza kumjibu. Mimbari ni mahali pa mtu mmoja kusema na watu mia moja kusikiliza. Kwa mahubiri hiyo ni sawa, lakini kwa kesi ni kumfunga mtu mdomo. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalofanyika mara nyingi zaidi katika makanisa yetu, na halifanywi na wachungaji peke yao. Hata katika maombi ya hadhara utamsikia mtu akimwombea "ndugu yetu mwenye roho ya kiburi" na kila mtu anajua ni nani. Hayo si maombi jamani.

Kabla sijasema mambo ya tangi yaliishaje, turudi kidogo kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6, kwa sababu inafanana na habari hii kama shilingi kwa ya pili. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likigawa chakula kila siku. Kulikuwa na Wayahudi waliosema Kiyunani na wengine waliosema Kiebrania. Wale wa Kiyunani wakalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao. Sisi watu wa Makueni tunaelewa hapo bila mwalimu. Nani hapa hajaona watu wakizozana kwenye orodha ya chakula cha msaada?

Mitume walifanya nini? Hawakuhubiri juu ya manung'uniko. Hawakuwauliza wale wajane kama imani yao ni haba. Waliita washirika wote, wakakubali kwamba kazi hiyo imewashinda kuiunganisha na mahubiri, wakawaambia watu wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema. Na hapa kuna jambo la ajabu. Majina ya wale saba yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani! Maana yake ni nini? Inaonekana kanisa liliwapa kazi ya kugawa chakula watu wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Ghala liliwekwa mikononi mwa watu wa wenye njaa. Huo ni ujasiri ambao kamati nyingi za leo hazina. Kamati ya leo ikisikia lalamiko huunda kamati ndogo ya kamati ile ile.

Basi, tangi. Mume wa mmoja wa wale wanawake kumi na mmoja alifariki siku ya Jumanne. Kwetu Ukambani mtu wa kanisa huzikwa na kanisa. Wao ndio wanaokesha, wanaoimba, wanaopika, na mchungaji wao ndiye anayesimama kaburini. Sasa yule mjane hakuwa amefika kanisani kwa miezi. Wengine katika kamati walisema aende akazikiwe na kule anakoenda siku hizi. Nyanya yangu aliposikia hayo alikaa kimya muda mrefu, na mimi nikajua mambo yameharibika, kwa sababu nyanya si mtu wa kukaa kimya.

Kuna mzee mmoja pale, mwalimu mstaafu, si mwanakamati. Alichukua fimbo yake akaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa mwenyekiti peke yake, akaenda kwa mchungaji peke yake, akaenda kwa kina mama mmoja mmoja. Hakupeleka maneno ya huyu kwa yule. Aliuliza kila mtu swali moja tu: uliona nini kwa macho yako? Siku ya Ijumaa jioni wakakubali kukutana chini ya mwembe nyuma ya kanisa, Jumamosi saa nane.

Pale chini ya mwembe mzee alitoa masharti yake. Kila mtu aseme aliyoyaona mwenyewe, si aliyoambiwa. Kabla ya kumjibu mwenzako, rudia kwanza alichosema mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Na la mwisho, ambalo lilinishangaza, mistari ya Biblia iwekwe kando hadi mwisho. Alisema watu wa kanisa wakikasirika hurushiana mistari kama mawe.

Sharti lile la kurudia ndilo lililofanya kazi. Mama mmoja alieleza habari ya ufunguo. Mwenyekiti akaambiwa arudie. Akasema, "Anasema sisi ni wezi." Mama akasema, "La, mzee, sikusema hivyo." Akarudia mara ya pili, akasema, "Anasema nimekula pesa." Mama akasema, "La. Nimesema ufunguo ni mmoja na uko kwako, na ukienda Nairobi sisi tunalala bila maji." Mara ya tatu mwenyekiti alirudia vizuri, kisha akanyamaza. Kumbe hakuwa amewahi kufikiri juu ya siku anazosafiri! Naye alipoeleza habari za punda wa usiku, baadhi ya kina mama walikuwa wakizisikia kwa mara ya kwanza.

Walikaa karibu saa tatu. Waliyokubaliana yaliandikwa kwenye daftari na kutiwa sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba. Funguo zikawa mbili, mmoja kwa kina mama. Kina mama wakachagua watu watatu wao wenyewe wa kuandika kila mtungi unaotoka. Wajane wakapewa bure, wengine wakalipa shilingi tano. Mchungaji kesho yake alisimama mimbarini, pale pale aliposimama siku ile, akasema alisema vibaya na akaomba radhi. Jambo hili nalisifu sana. Angeweza kuomba radhi chini ya mwembe mambo yakaisha, lakini maneno yaliyosemwa mbele ya watu wote hayafutwi mbele ya watu wachache. Mazishi yalifanyika wiki hiyo na sufuria zikapikwa na pande zote. Kati ya wale kumi na mmoja, saba walirudi. Wanne walibaki kule walikokwenda, na maji wanachota kama wengine.

Sasa, wasomaji wengine watasema hayo yote ni mambo ya wazungu na Biblia, sisi Wakamba tulikuwa na njia zetu. Ni kweli, na tena njia zile hazikuwa mbali na hii. Zamani wazee walikutana thomeni, mahali pa wanaume penye moto karibu na lango la boma, na kesi kubwa zaidi zilikwenda kwa nzama, yaani baraza la wazee. Kila upande ulisema hadi ukamaliza. Aliyekutwa na hatia alitoa mbuzi na nyama ikaliwa pamoja, kwa sababu si rahisi kuendelea kumchukia mtu mnayekula naye nyama. (Kwa wenzetu wasiosema Kikamba, mutumia kwetu ni mzee wa heshima, mwanamume. Kwa Wakikuyu neno hilo ni mwanamke. Neno hili limewahi kuleta kicheko kikubwa darasani.)

Kesi ikikosa ushahidi, kilibaki kiapo cha kithitu. Watu waliamini kwamba anayeapa uongo juu ya kithitu atakufa, yeye na jamaa zake. Makanisa yalipokuja yalikataza kithitu, na mimi kama Mkristo sisemi kirudishwe. Lakini nasema hivi: kithitu kilikuwa na kazi. Kilimaliza kesi. Kanisa lililokiondoa lilipaswa kuweka kitu kingine mahali pake, na mahali pengi halikuweka kitu. Ndiyo sababu utakuta kesi ya kanisa imekaa miaka kumi, haisemwi wala haiishi.

Tuendelee na historia, kwa maana sehemu yetu hii ina historia kubwa kuliko tunavyofundishwa. Misheni ya Africa Inland Mission, ambayo ndiyo mama wa A.I.C., ilianza kazi yake Kenya hapa hapa Makueni. Peter Cameron Scott na wenzake walifika Nzaui mwezi wa Disemba mwaka wa 1895. Kutoka Nzaui walianzisha vituo vingine, vikiwemo Sakai na Kilungu. Scott alifariki mwaka uliofuata, 1896, lakini kazi iliendelea na baadaye makao yakahamia Kijabe.

Miaka ilivyopita, Wakristo wengi Wakamba walikuwa na malalamiko. Walitaka shule zaidi na elimu ya juu zaidi kwa watoto wao, na misheni iliona kazi yake kubwa ni kuhubiri. Walitaka pia Mwafrika awe na sauti katika uongozi, lakini uamuzi mkubwa ulikuwa mikononi mwa wamishonari. Ukikumbuka Matendo 6 utaona lalamiko ni lile lile, yaani mgao, na nani ameshika ufunguo wa ghala. Jibu ndilo lililokuwa tofauti. Mwaka wa 1945 likaanzishwa Africa Brotherhood Church, yaani A.B.C., likiongozwa na Simeon Mulandi, na baadaye likaongozwa kwa miaka mingi na Nathan Ngala. Makao yake makuu yako Mitaboni, Machakos. Jina lenyewe lilichaguliwa kwa maana: ni kanisa la udugu wa Kiafrika. Kule Murang'a nako, kabla ya miaka ya 1940 kwisha, watu wa Githumu waliachana na misheni hiyo hiyo wakaanzisha African Christian Church and Schools. Tazama wameweka neno "shule" ndani ya jina la kanisa! Mtu akiweka lalamiko lake kwenye jina la kanisa, ujue alilisema muda mrefu bila kusikizwa.

Sitaki kuwahukumu wamishonari wala waliotoka. Sikuwapo. Ninachoona ni kwamba jambo ambalo watu wa 1945 walilitaka, lilikuja baadaye. Mwaka wa 1971 misheni ilikabidhi madaraka na mali yake kwa A.I.C., na askofu wakati huo alikuwa Wellington Mulwa, Mkamba. Ni miaka 26 kutoka 1945. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kweli, hata leo kuna vijiji ambamo A.I.C. na A.B.C. zinatazamana. Watu wake lakini wanaoana, wanazikana, na watoto wao tunakaa dawati moja.

Hapo ndipo swali gumu linapokuja. Je, kuachana ni kosa siku zote? Mwalimu wetu wa dini alituuliza swali hili na darasa likagawanyika. Mimi natazama Paulo na Barnaba. Hawa walikuwa marafiki wakubwa. Walisimama pamoja kule Yerusalemu, Matendo 15, katika kesi kubwa kabisa ya kanisa la kwanza, ya kama watu wasio Wayahudi walazimishwe kutahiriwa. Kesi ile ilifanywa vizuri. Watu walibishana, Petro akasema, Barnaba na Paulo wakaeleza waliyoyaona, watu wakasikiliza kimya, Yakobo akatoa shauri. Mwishowe waliandika barua, na hawakuituma barua peke yake. Walimtuma Yuda na Sila waende nayo waieleze kwa midomo yao. (Kamati zinazotundika barua mlangoni na kutoroka zisome hapo.)

Lakini sura hiyo hiyo, mwisho wake, Paulo na Barnaba wanagombana juu ya kijana Marko, aliyewaacha safarini. Barnaba anataka aende tena, Paulo hataki. Hawakupatana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro, Paulo akamchukua Sila. Basi waliachana. Hatusomi mahali popote kwamba Paulo alizunguka makanisani akimtukana Barnaba. Na miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni aliomba aletewe Marko, akisema anamfaa. Kwa hivyo mimi nasema kuachana kunaweza kuwa kwa heshima, ikiwa aliyetoka hakuchoma daraja na aliyebaki hakufunga mlango. Wale wanawake wanne waliobaki kanisa jingine na bado wanachota maji ni mfano wa hayo. Darasani kuna walionipinga wakasema Paulo alikuwa mkali mno. Labda. Marko lakini alirudi.

Jambo jingine ni mahakama. Siku hizi kesi za makanisa mahakamani si ajabu, hasa za mashamba, za pesa na za uchaguzi wa viongozi. Paulo aliwaonya Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 6, kwamba ni aibu ndugu kupelekana kwa mahakimu wakati wao wenyewe wana watu wenye hekima. Hata Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 159, inawaambia mahakimu wahimize njia za mapatano, upatanishi na njia za kienyeji. Hakimu anaweza kuamua shamba ni la nani, lakini hawezi kuamuru watu wasalimiane.

Tena makanisa mengi yana ngazi zake, tatizo ni kwamba washirika hawazijui. Katika A.I.C. kuna baraza la kanisa la mahali, juu yake kuna la wilaya, kisha la jimbo, kisha baraza kuu. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, na tangu mwezi wa Julai 2023 Wote yenyewe ni jimbo la Katoliki, lenye askofu wake, lililokatwa kutoka jimbo la Machakos. Waulize washirika kumi katiba ya kanisa lao inasema nini juu ya malalamiko, nadhani wanane watakuambia hawajawahi kuiona.

Hata hivyo kuna mambo ambayo hayafai kupelekwa chini ya mwembe. Mtu akimnajisi mtoto, akimpiga mkewe, au akiiba pesa kwa kughushi, hayo si kutoelewana. Ni makosa ya jinai. Hapo hakuna kumwendea mkiwa wawili, na hasa mtoto asiambiwe aende akapatane na mtu aliyemdhuru. Hayo yanakwenda polisi na kwa ofisi ya watoto, halafu kanisa lifanye kazi yake ya kumtunza aliyeumizwa. Nimesikia watu wakisema "tusiliaibishe kanisa." Aibu iko kwa aliyetenda. Neno heshima lisitumiwe kama blanketi la kufunika uovu.

Na sisi vijana je? Hapa kwetu kijana hasimami mbele ya wazee akasema umekosea. Ukifanya hivyo, hata kama una haki, watu wataacha neno lako na kuzungumzia adabu yako. Kikundi cha vijana katika kanisa lile la tangi kilitaka kinanda, na wazee walikuwa hawakitaki kwa sababu ya kelele na ya pesa. Kijana mmoja aliandika barua yenye maneno makali akaipitisha chini ya mlango wa ofisi. Barua haikujibiwa. Baada ya mambo ya maji kwisha, vijana walimwendea yule mwalimu mstaafu, wakamwomba awapeleke. Aliwauliza kwanza kitagharimu pesa ngapi, nani atakitunza, na kitapigwa kwa sauti gani wakati kina nyanya wanaimba nyimbo zao. Hawakuwa na majibu. Akawarudisha. Walikuja tena baada ya wiki mbili wakiwa na karatasi yenye hesabu, na mzee akaenda nao barazani, yeye akafungua maneno kwa salamu na kuwapisha waseme.

Baraza lilisema kinanda kitanunuliwa pesa zikipatikana, na ibada ya kwanza ibaki bila kinanda kwa ajili ya wazee. Vijana wamekwisha kuuza ndoo kumi za maembe, na wanasema msimu ujao watauza zaidi.